Hofu na Mashaka ni Kwako

Hapa Mkolani kuna watu wanasema mimi Awuor nilimuua mama yangu kwa kompyuta. Upuuzi mtupu. Mama alikufa kwa presha, cheti ninacho kabatini, anayetaka aje asome. Lakini wakisema kwamba nilimnyima kaka yangu nafasi ya kumzika mama yake, hapo nanyamaza. Hilo nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa nachapa kwa Mama Malimi, mjini, karibu na soko kuu. Yule mama alianza na taipureta moja. Soko huria lilipochangamka akaongeza mashine ya fotokopi, halafu akaleta kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, akabandika karatasi mlangoni: TUNATUMA NA KUPOKEA IMEILI. Anwani ilikuwa moja tu, ya ofisi. Kila aliyekuwa na mtu Ulaya alipitia hapo. Barua ikiingia naitoa kwenye karatasi, naikunja, naitia kwenye bahasha, naandika jina la mwenyewe. Siri za nusu ya mji nilizijua, na sikusema hata moja, ingawa Mungu anajua nilivyowashwa.

Mama Malimi alikuwa mtu mwema mwenye kelele. Simu ikishashika laini, kila dakika ilikuwa yake ya kulipia, basi anasimama nyuma yangu na kunung'unika. "Awuor, toa salamu! Huyo mtu anajua kwamba anasalimiwa. Andika shida yake, tukate." Nikazoea. Mteja analeta kurasa mbili, mimi natuma mistari minne, na bado jibu linakuja.

Nyumbani nilikuwa na mteja mmoja asiyekubali, naye ni mama yangu, Roza. Aliuza dagaa pale pale nje kwetu. Kuandika hakujua, ila kuandikisha alijua kuliko hakimu. Kaka yangu Odoyo alikuwa Norwei tangu mwaka tisini na sita akisomea mambo ya maji, na mama alimtumia barua kwa mkono wangu. Nusu ya barua ilikuwa salamu. Lazima ianze hivi: "Sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali." Halafu wanaitwa wote wanaomsalimu, kuanzia baba mdogo Okwach kule Shirati hadi jirani yetu Dorotea na wanawe. Barua ilichukua wiki tatu kwenda na tatu kurudi. Nilipoanza kuzituma kwa imeili nikamwambia, "Mama, inafika leo leo!" Akaniuliza, "Imefika na nani? Watu wote umewashusha njiani."

Nikacheka. Nilimwona mshamba, nisamehewe.

Mwezi wa nne presha ikampanda, akalazwa. Siku ya pili yake, nikitoka hospitali mbio mbio, niliingia ofisini nikaandika: "Kaka, Mama anaumwa. Amelazwa tangu Jumapili. Anakuulizia. Jibu haraka. Awuor." Basi. Mama Malimi akanisifu kwa kuandika kifupi.

Jibu likaja siku hiyo hiyo. "Nimeelewa. Nakuja."

Nilishtuka. Safari ya kutoka Norwei si ya kutoka Usagara. Mama aliruhusiwa keshokutwa yake, nikaandika: "Usije, Kaka. Mama ametoka, anaendelea vizuri." Kimya. Nikaandika tena: "Kweli kabisa Mama ni mzima, nakuapia." Kimya. Nikaandika mara ya tatu, nikiwa nimeanza kukasirika, kwamba asihangaike, kila kitu kiko sawa, atulie asome. Kimya kilekile.

Jumamosi ile Mama alikuwa amekaa nje akianika dagaa kwenye turubai, mimi nafua. Tukasikia kilio kutoka barabarani. Sauti ya mwanamume, ya kilio chenyewe, kile cha kwetu ambacho mtu hukianza mbali ili nyumba imsikie anakuja. Majirani wakatoka. Nikaona suti nyeusi, kichwa kimenyolewa kipara, begi linaburuzwa vumbini. Kaka Odoyo anakimbia na kulia, "Mama yooo! Mama umeniacha na nani!"

Mama akasimama, dagaa mkononi. "Nani amekufa?" akauliza.

Odoyo alisimama kama aliyegonga ukuta. Akamwangalia Mama, akaniangalia mimi, kisha akakaa chini, pale pale kwenye matope ya maji yangu ya kufulia, na suti yake. Dorotea akaachia ndoo. Halafu mtu mmoja akacheka, na mji mzima ukacheka, na Mama naye akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka, nilikuwa nimejaa hasira.

"Wewe una wazimu?" nikamwambia tulipoingia ndani. "Nimekuandikia mara tatu kwamba ni mzima!"

"Ndiyo ulivyonimaliza," akasema. "Ya kwanza ilikuja bila salamu hata moja. Awuor, barua ya kwetu isiyo na salamu ni ya nini? Halafu unaniapia kwamba ni mzima. Nani anaapia uzima wa mtu?" Akajifuta uso. "Umesahau telegramu ya Baba?"

Sikuisahau. Odoyo alikuwa shule ya bweni Tabora. Aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu akapewa karatasi: BABA MGONJWA NJOO. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshachimbwa. Wote tunajua kwetu kifo hakiandikwi. Mtu akiwa mbali anaambiwa mgonjwa, aje akiwa na nguvu za kusafiri, ukweli ataukuta kwa watu wa kumshika. Hakuna aliyefundishwa, ndivyo ilivyo. Mimi nilisahau tu kwamba yeye hakusahau.

Alikaa siku sita. Mama alimpikia samaki, sato wa ziwani, kila siku, akamkagua mwili mzima kama ng'ombe wa mnada, akasema Norwei wanamnyima chakula. Zilikuwa siku nzuri. Lakini jioni ya pili tukiwa tunachambua mchele, Mama akasema taratibu, bila kuniangalia, "Nimeliliwa nikiwa nasikia."

"Mama, achana na hayo."

"Nasema tu. Nimesikia kilio changu. Si kila mtu anakisikia."

Tangu siku hiyo Mama alibadilika. Akaanza kunionyesha vitu: kitenge kile ni cha shangazi yako, sufuria ile mpe Dorotea. Nikimkemea ananyamaza, kesho anaendelea. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama mlangoni pake kusikiliza kama anapumua. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Nilimwogopea mpaka chakula kikanishinda.

Siku ya kuondoka Odoyo nilimsindikiza stendi, apande basi la Nairobi. Akanishika mabega.

"Tukubaliane," akasema. "Kwenye imeili tusifichane. Ukiandika mgonjwa, nitajua mgonjwa. Ukiandika amekufa, nitajua amekufa. Usinipakie sukari. Mimi nauli ya kurudi tena mwaka huu sina mpaka Krismasi, siwezi kuja kwa kubahatisha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Mgonjwa ni mgonjwa. Aliyekufa amekufa," nikasema, na neno lenyewe likanitia baridi, nikatema mate pembeni. Odoyo akacheka. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Na ilifanya kazi, ndiyo balaa. Mwezi wa saba Mama akaumwa malaria, nikaandika malaria, akajibu pole. Mwezi wa tisa presha ikapanda kidogo, nikaandika imepanda kidogo, akajibu apunguze chumvi. Mistari miwili kwenda, miwili kurudi. Mama akiuliza, "Kaka yako anasemaje?" namwambia, "Anasema punguza chumvi." "Na nini tena?" "Basi." Anatikisa kichwa. "Zamani alikuwa na maneno huyu mtoto."

Mwezi wa kumi na moja, Jumatatu, Mama aliamka akalalamika kichwa. Saa nne nikafuatwa kazini: Dorotea kamkuta ameanguka kando ya turubai. Tukampeleka. Saa tisa alasiri daktari akatoka, akavua miwani, na mimi nikajua kabla hajasema.

Baba mdogo Okwach aliitwa. Shangazi zangu wa Mabatini wakaja hospitali wakalia, wakanishika huku na huku. Wakasema maneno yale yale: "Odoyo ajulishwe. Ndiye mkubwa. Ndiye wa kutangulia kutia udongo." Namba ya simu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya ofisi ya chuo chake, nayo ukipiga unapokelewa kwa Kinorwei na unakatiwa. "Imeili," wakasema. "Awuor ndiye mwenye imeili." Wakanisukuma kama mtu anayetumwa chumvi dukani.

Nilifika ofisini Mama Malimi anataka kufunga. Alikuwa hajui. Nikamwambia, "Mama mgonjwa," akanipisha kitini. Unaona? Hata yeye, mtu niliyekaa naye miaka minne, sikumwambia.

Nikawasha. Modemu ikalia ule mlio wake wa kuku aliyekanyagwa, ikashika laini. Nikaandika "Kaka." Nikaandika "Mama." Halafu vidole vikagoma. Wengine watasema nilisahau makubaliano. Sikusahau! Nilimkumbuka stendi, mikono yake mabegani. Lakini nilimwona pia yuko peke yake kwenye chumba chake kule kwenye baridi, hana shangazi, hana jirani wa kumshika kiuno, anasoma neno lile kwenye kioo. Anasimama, anakwenda wapi? Na mimi nikiliandika, basi limekuwa. Mpaka saa ile, mahali pote ambapo neno lile halijafika, Mama alikuwa hai. Norwei alikuwa hai.

Nikaandika: "Mama mgonjwa sana. Njoo." Nikajiambia ataelewa. Barua haina salamu, ataelewa. Mbona mara ile alielewa hata kisichokuwepo? Damu yake itamwambia. Nikatuma, nikazima, nikatoka nikilia njia nzima.

Jumanne laini ya simu ilikufa mtaa mzima. Nilikaa ofisini kutwa nikiinua mkono wa simu na kuurudisha. Mama Malimi alishaambiwa na watu, akawa ananiletea chai na kuiondoa imepoa. Nyumbani wanauliza, "Odoyo amejibu?" Nasema, "Yuko njiani." Nilisema yuko njiani, na sikujua.

Jumatano saa mbili na nusu laini ikarudi. Barua ilikuwepo. Nilipoona ni ndefu, nikavuta kiti nikakaa.

"Awuor mpendwa. Asante kwa kuniambia ukweli kama tulivyokubaliana. Safari hii sikushtuka: umeandika mgonjwa, nimejua mgonjwa, si kama ya Baba. Nimelala vizuri, na nimejivunia wewe. Nina mtihani Ijumaa, siwezi kuja sasa, lakini jana nilipita kuulizia tiketi ya Krismasi. Yule dada akaniambia kuna nafasi moja mpaka Nairobi jioni ile ile kama nataka. Tukacheka. Nimeshika ya tarehe kumi na nane Desemba. Sasa hapa chini ni barua ya Mama. Najua analalamika kwamba siku hizi sina maneno. Usifupishe. Msomee kwa sauti."

Na chini yake: "Mama yangu mpendwa Roza, shikamoo. Mimi mwanao ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali..." Ukurasa mzima. Alimsalimu Okwach, akamsalimu Dorotea na wanawe kwa majina, mpaka mbwa wetu akasalimiwa.

Jioni ile ile, kulikuwa na nafasi. Nililisoma neno hilo mara nyingi, nikitafuta namna ya kulisoma vingine. Nikapiga kichwa changu mezani, paa, paa, Mama Malimi akaja akanishika.

"Nimefanya nini? Nimefanya nini mimi?"

"Andika sasa," akasema. "Andika upesi, labda ipo nyingine."

Nikaweka vidole. Safari hii nilitaka kulitoa kama jino: "Mama amekufa." Maneno mawili, nitume. Mama Malimi akanizuia mkono, yeye mwenyewe, yule wa kuhesabu dakika.

"Anza na salamu, mwanangu," akasema.

"Mama Malimi, simu inatembea."

"Itembee. Huwezi kumpiga mtu hivi. Msalimu kwanza."

Nikaandika, "Kaka yangu mpendwa Odoyo, shikamoo. Sisi huku ni wazima," nikaona nilichoandika. Nikafuta. Nikabakisha: "Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali." Halafu nikamweleza yote: turubai, Dorotea, daktari na miwani yake. Mama amekufa Jumatatu saa tisa. Nilikudanganya. Nisamehe. Simu ilitembea robo saa nzima na Mama Malimi hakufungua mdomo.

Jibu lilikuja mchana. Halikuwa na salamu. "Nafasi iliyopo ni ya Jumapili, nitafika Jumanne. Msubirini. Tulikubaliana, Awuor."

Nikampelekea Okwach karatasi. Akaisoma. Si mtu mkali, lakini alikuwa na watu wamejaa Shirati tangu jana, na chumba cha maiti umeme wake ulikuwa wa kuja na kuondoka. "Tungeambiwa mapema tungepanga," akasema. "Siku nane mwili hauwezi. Tunazika Jumamosi." Nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "Najua," akanipigapiga mgongoni, na ile huruma yake iliniuma kuliko kofi.

Odoyo nilimwandikia hivyo. Hakujibu.

Ijumaa tulimpakia Mama kwenye pikapu kumpeleka Shirati kwa maziko, nikakaa nyuma pamoja na jeneza na shangazi wawili. Nilikuwa na ile barua ndani ya gauni. Tulipopita njia panda ya Musoma nikaitoa. Aliniambia nisome kwa sauti, basi nikasoma, upepo unanipokonya karatasi, shangazi wananitazama kwa woga. Nilimsomea Mama kila salamu. Nilimsomea Dorotea na wanawe. Nilimsomea mbwa.

Jumamosi, mchungaji alipomaliza, Okwach akasema mtoto mkubwa wa marehemu atangulie. Watu wakageuka huku na huku. Halafu wakaniangalia mimi, nikainama nikachukua udongo. Nusu yake ikanimwagikia miguuni.

Jumanne aliyosema Kaka ilipita, hakuja, na Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini. Nikawa nafungua imeili asubuhi, mchana, na kabla ya kufunga. Za wateja zinakuja. Za Venant zinatoka Ujerumani, za Wilhelmina zinatoka Kanada, nazitia kwenye bahasha, nawaonea wivu mpaka naona aibu. Ya Kaka haipo. Nikamwandikia: "Barua ya Mama nilimsomea." Siku kumi na moja hakujibu, na tarehe kumi na nane Desemba ilikuwa inakaribia na sikujua kama bado anakuja au hana tena wa kumjia.

Siku ya kumi na mbili ikaingia, mstari mmoja.

"Ulimsomea mpaka mwisho?"

Mwisho wa barua ile ulisema: "Mama, usiniwekee sato, Krismasi nitamvua mwenyewe na tutakula wote watatu." Nilipofika hapo kwenye pikapu sauti iliisha, nikaikunja karatasi. Shangazi hawakujua. Hakuna aliyejua. Na neno la kumtuliza lilikuwa fupi tu, ndiyo, na lilikuwa limeshajaa vidoleni, tayari, tamu.

Mama Malimi alikuwa nyuma yangu. Simu inatembea.

Nikaandika: "Shikamoo Kaka. Hapana. Nilifika penye sato, nikashindwa."

Nikatuma kabla sijajionea huruma.